Njia ya Bububu Irudishwe kwa Waendao kwa Miguu na Baiskeli

Jioni yoyote ukiketi Forodhani, mgongo umeupa Ngome Kongwe na uso umeuelekeza baharini, utawaona watoto wakikimbizana baina ya meza za mishkaki na mashine za kukamulia miwa, na wazazi wao wametulia wanazungumza. Vijana wanajirusha majini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwengine, na hakuna anayewakemea. Wazazi wametulia kwa sababu gari haliingii bustanini. Basi tazama familia hiyo hiyo inapoondoka. Wakishafika barabarani tu, mama anamshika mwanawe mkono kwa nguvu hata vidole vinaacha alama, baba anatangulia kifua mbele kama anayekwenda kuzima moto, na mazungumzo yote yanakatika. Tumeridhika vipi, ndugu zangu, kwamba utulivu uwe ni kitu cha bustani moja tu, na nje yake kila mtu ajilinde mwenyewe?

Wengi wanaokula urojo pale hawajui kuwa wamekaa penye stesheni. Ngome ile, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatoa Wareno, mwanzoni mwa karne ya 20 iligeuzwa bohari ya gari moshi. Mwaka 1904 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilianza kutandika reli, na mwaka uliofuata gari moshi likawa linakwenda Bububu na kurudi, mwendo wa maili saba, yaani kama kilomita 11. Watu wa shamba walilipanda kuja mjini, na wageni walioshuka melini walitengewa behewa lao ili wakaone minazi na mikarafuu. Wala hiyo haikuwa reli ya mwanzo kisiwani. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, aliweka yake kwenda kwenye kasri ya Chukwani mwaka 1879, ikivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 akaagiza mtambo wa moshi kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 reli ile ilikufa naye. Hayo ya Barghash yalitokea kabla ya mwaka 1896, Waingereza walipoanza kujenga reli yao Mombasa kwenda bara.

Wapo wasemao kuwa jina la Bububu limetokana na mlio wa gari moshi. Mimi nipo pamoja na wale wasemao ni mlio wa maji yanayobubujika, na ushahidi wangu ni huu: Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya reli hii kutandikwa. Maji yalitangulia. Na Barghash huyo huyo aliyapitisha maji ya chemchemi za upande ule ndani ya mabomba mpaka mjini, watu wakaacha kununua maji ya kubebwa. Kwa hivyo njia ya kutoka Bububu kuja Mji Mkongwe imekwisha kutufaa mara mbili: mara ya kwanza ilileta maji, mara ya pili ikaleta watu. Ninachoomba ni itufae mara ya tatu.

Gari moshi lilishindwa na magari ya barabarani. Katika miaka ya 1920 abiria waliliacha, likabaki kubeba mawe, kisha reli zikang'olewa. Sisemi lirudishwe. Nasema kwamba ule mkondo wake, pale ulipobaki, na vichochoro vinavyouunganisha pale ulipopotea, ufanywe njia ya waendao kwa miguu na waendeshao baiskeli, na gari lolote lisiruhusiwe kuingia: si daladala, si bodaboda, si gari la mkubwa yeyote.

Kwa nini niishikilie njia ya reli khasa, wala nisiseme tu tuongezewe ukingo kando ya barabara? Aliyewahi kuendesha baiskeli nzito, tena na kiroba cha unga kwenye keria, ananielewa kabla sijamaliza. Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huteleza yakipandishwa mlima, kwa hiyo mhandisi wa reli hutafuta ardhi iliyolala, akikuta kilima hukizunguka, akikuta bonde hulijaza. Mto nao haupandi mlima. Ndiyo maana wenye baiskeli wa Ulaya hufuata vitu hivyo viwili, kingo za mito na reli zilizokufa. Kandokando ya mto Danube watu husafiri siku kadhaa kutoka Passau mpaka Vienna, wazee kwa watoto, wakilala njiani na kula njiani. Hispania ilianza mwaka 1993 kuzigeuza reli zake zilizoachwa, na leo njia hizo zinapita kilomita 3,000. Lakini mfano nilioupenda kuliko yote ni wa Bristol, Uingereza, kwa sababu ulianza na watu wasio na kitu. Reli ya kwenda Bath ilikuwa imefungwa. Mwaka 1979 wakaazi wakaenda wenyewe na makoleo na matoroli, wakasawazisha kipande, kisha kipande chengine, na kufikia mwaka 1986 walikuwa na njia nzima ya zaidi ya kilomita 20. Tusiambiane kwamba kazi za kujitolea ni mambo ya wenzetu. Vizazi vya hapa visiwani vimejenga skuli kwa mikono yao, na mabanda yake bado yamesimama.

Mimi nilijifunza baiskeli kwa kuikodi kwa saa, pauni ya nyama ya goti ikabaki barabarani, na siku nilipoweza kuiendesha bila kushikwa nikatoka mjini mpaka Bububu na kurudi. Barabara ilikuwa tupu kiasi cha kusikia cheni yangu mwenyewe. Safari ile ilinifundisha kisiwa changu kuliko darasa lolote. Mwaka jana nikaitaka tena. Nilitoka Forodhani baada ya sala ya alfajiri, nikapita Mizingani na Malindi, nikavuka Funguni, nikashika njia ya Saateni. Mpaka hapo raha. Nilipofika Maruhubi jua lilikuwa limeshachomoza na daladala za 502 zimeanza kukimbilia abiria. Basi moja lilinipita karibu hata kioo chake kikanigusa mkono wa shati, nikaingia mchangani, usukani ukapinda. Sikuumia. Lakini nilikaa kando ya ukuta dakika nyingi nikiutazama mkono wangu, na nilichokifikiria ni mjukuu wangu, ambaye wiki ile ile aliniomba nimnunulie baiskeli.

Sikumnunulia. Nasema wazi kwa sababu najua si mimi peke yangu. Ni wangapi miongoni mwetu tuliozitundika baiskeli ukutani, si kwa uvivu wala kwa umaskini, ila kwa khofu? Na khofu hiyo tunairithisha. Mtoto wa Kibweni leo hajui kwamba anaweza kufika mjini kwa miguu yake miwili. Anajua kituo na nauli tu.

Baada ya kuunyoosha usukani niliendelea polepole, na nawaambia, kila hatua ya njia ile ni hazina. Maruhubi yapo magofu ya kasri ya Barghash, iliyoungua mwaka 1899, na nguzo zake zimesimama mpaka leo. Mbele kidogo ni Mtoni, jina lenyewe linakwambia, kijito kinaingia baharini penye kasri ya Seyyid Said, na ndipo alipozaliwa Salme mwaka 1844. Kisha Beit el Ras. Hapa msomaji wangu nisimamie kidogo. Seyyid Said alianza kujenga jumba pale, akafariki mwaka 1856 halijamalizika. Reli ya Bububu ilipojengwa, mawe ya jumba lile yakachukuliwa yakatiwa katika kazi ya reli. Yaliyosalia yalibomolewa mwaka 1947 ikajengwa skuli, ukabaki ukumbi wa mbele tu. Jumba la mfalme likawa kitako cha gari la umma! Waliotutangulia hawakuogopa kuuliza kitu kilichokufa kinaweza kumfaa nani aliye hai.

Najua majibu yatakayokuja. Litasemwa kwamba mkondo wa reli umejengwa nyumba. Ni kweli kwa sehemu, nami siombi hata tofali moja la mtu liondoke. Lakini njia ya baiskeli si barabara ya malori. Inataka upana wa mita mbili na nusu, kifusi kilichoshindiliwa vizuri, na mawe mawili yaliyosimamishwa kila mlango wake ili gari lisipite. Penye nyumba, ipinde ipite uchochoroni. Watu wa Mji Mkongwe hatuhitaji kufundishwa kupita uchochoroni. Litasemwa pia kwamba fedha ziende hospitali kwanza. Na ziende. Ila waulizeni madaktari ni wangapi wanalazwa kwa ajali za barabarani, na wangapi kwa sukari na presha za watu waliokaa kitako mchana kutwa, kisha tuzungumze tena juu ya fedha.

Kuna jambo ambalo halisemwi, nami nalisema kwa heshima. Mama zetu na dada zetu wa mjini hawapandi baiskeli, na watu husema ni kwa sababu ya stara. Mimi naona mwenye buibui hana pa kupandia. Atapandaje barabarani, baina ya honi na maneno ya wapita njia? Mpe njia yenye kivuli cha miembe, isiyo na moshi wala vumbi la magari, ambayo jirani zake wote wanapita, uone kama hatampeleka mwanawe skuli kwa baiskeli. Nimewaona wanawake wa vijiji vya mashariki wakiendesha ufukweni, mchanga umegandamana baada ya maji kutoka, kanga zinapepea, na hakuna aliyesema neno.

Tulifundishwa chuoni tungali wadogo kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Tukaelewa ni mwiba, ni jiwe, ni gamba la ndizi. Leo udhia wa njia ni mkubwa kuliko mwiba, na bado ni wajibu wetu.

Kwa hiyo nawaomba masheha wa shehia zote, kuanzia Malindi mpaka Bububu, waanze na kazi isiyotaka bajeti. Wawaendee wazee, kabla hawajatutoka, wawaulize baba zao waliwaonesha wapi reli ilipita: nyuma ya ukuta upi, chini ya mwembe upi, penye daraja lipi la mfereji. Waandike, waweke alama ya chokaa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985 na ina watu wanaojua kuchora ramani. Wapelekewe alama hizo. Walimu wa skuli za njiani wawatoe wanafunzi siku moja waitembee yote kwa miguu, na daftari mkononi.

Kipande cha mwanzo kiwe kifupi, kutoka ukuta wa Forodhani mpaka Maruhubi, nacho kifunguliwe Jumapili asubuhi tu, toka alfajiri mpaka saa tatu, polisi wa usalama wakiyageuza magari kwengine. Mimi nitakuwepo penye lango la Ngome. Tairi nimeshazitia upepo, na baiskeli ya mjukuu wangu nimeshaichagua dukani, ndogo, ya kijani. Nimemwambia mwenye duka aniwekee.