Bustani ya Kwanza Ipimwe kwa Maji

Kila askari hufundishwa tangu siku za kwanza za mafunzo kwamba kikosi hakiingii porini bila kupeleleza njia, kuhesabu watu na kupima akiba ya maji. Ajabu ni kwamba askari huyohuyo, akirudi nyumbani na kushika jembe, hulisahau fundisho hilo. Hulima kwa ari ya siku moja, kisha humwachia mkewe vita asivyovipanga.

Mimi nami nilikuwa miongoni mwa wakosaji hao. Mwezi wa Machi, mvua za kwanza ziliponyesha, nililima nyuma ya nyumba yetu kambini eneo la hatua 30 kwa 20. Nilipanda mahindi, nyanya, kabichi, vitunguu na mihogo, vyote kwa pamoja. Majuma mawili baadaye nikapelekwa kazini mbali. Mvua zikakatika mapema. Niliporejea mwezi wa Juni, magugu yalinifika magotini, nyanya zilikuwa zimekauka, na mama watoto, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alikuwa amechoshwa na foleni ya bombani. Nikamkaripia. Akanijibu kwa upole: "Baba watoto, ulihesabu mbegu, hukuhesabu jerikeni."

Jibu hilo lilinitia haya, kwa kuwa lilikuwa kweli tupu. Bustani ya kwanza ya jamaa haipimwi kwa nguvu za mwenye jembe, bali kwa maji yaliyopo na kwa mikono itakayobaki nyumbani mwenye jembe akiwa lindoni.

Na tuhesabu pamoja. Mvua isiponyesha, mboga za majani huhitaji takriban lita 5 za maji kwa siku kwa kila mita moja ya mraba. Tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 lina mita za mraba 6, nalo litakunywa lita 30, yaani jerikeni moja na nusu. Matuta mawili ni jerikeni tatu. Mzigo huo nyumba yaweza kuumudu, hasa maji ya kusuuzia vyombo yakitunzwa. Lakini shamba langu lile, lililopata mita za mraba 330, lilidai jerikeni zaidi ya 80 kila siku! Ni nani angeziteka?

Kwa hiyo, anayeanza na aanze na matuta mawili. Upana ule umechaguliwa kwa sababu mkono hufika katikati kutoka kila upande, bila mguu kukanyaga udongo uliolainishwa. Matuta yawe karibu na mlango, mahali penye jua, mbali na vyoo na majalala. Tena ardhi ya kambi ni mali ya serikali. Mkuu wa kambi aombwe ruhusa kabla jembe halijainuliwa.

Wako watakaosema: "Ya nini kuhangaika, nami kesho nitahamishwa?" Hoja hii ina uzito, lakini dawa yake ni uchaguzi wa mazao. Mchicha, ambao hapa Uganda wengi huuita dodo, huanza kuliwa baada ya majuma manne hivi. Majani ya kunde hayakawii. Sukuma wiki, ikishahamishwa kutoka kitaluni, huanza kuchumwa baada ya miezi miwili hivi, kisha huendelea kutoa majani kwa miezi mingi. Mihogo, inayoweza kungojewa karibu mwaka mzima, ibaki katika mashamba ya nyumbani kwa wazee. Tena mbegu zote zisimwagwe siku moja; sehemu ndogo ipandwe kila baada ya majuma mawili, ili mboga zisijae leo na kuadimika mwezi ujao.

Majira nayo yapelelezwe. Wenzetu wa Kampala na kando ya Ziwa Victoria hupata mvua mara mbili, kuanzia Machi na kuanzia Septemba. Walioko Gulu hutegemea msimu mmoja mrefu, tangu Aprili hadi Oktoba. Aliyehamishwa kutoka kusini kwenda kaskazini asipande kwa kalenda ya kambi aliyoiacha.

Lakini shauri kubwa kuliko yote ni la nyumbani. Kabla ya kulima, mume na mke waketi na kuafikiana: nani atateka, nani atapalilia, watoto watasaidia saa ngapi. Kazi nzito za kutifua, kubeba samadi iliyooza na kujenga ua dhidi ya kuku, askari azimalize kabla ya kuondoka. Asiyeafikiana na mkewe asije akamlaumu baadaye.

Matuta mawili hayatalisha nyumba nzima, wala hayataondoa haja ya kununua unga na maharage. Yatakachofanya ni kuweka mboga mbichi sahanini pa watoto, hata zile siku za mwisho wa mwezi ambapo mfuko umekauka na mshahara haujafika. Na amri ya uhamisho ikija, mwenye nyumba atamkabidhi mwenzake anayeingia ufunguo pamoja na tuta la sukuma wiki. Labda huko aendako naye atakuta limepandwa.

Mtaka yote hukosa yote. Mwaka huu matuta mawili. Yakistawi, mwaka ujao matatu.