Kura ya Kupinga Iachwe

Mwenzetu anataka kura za kupinga zifutwe mitandaoni, eti zinawavunja watu moyo. Hajatazama mizani. Kule Stack Overflow, tovuti ya waandika programu iliyoanza 2008, jibu likiungwa mkono, aliyeliandika hupata pointi 10. Likipingwa, hupoteza 2 tu. Na anayelipinga naye hukatwa 1 yake. Mwenye kijicho atachoka mapema.

Kinachoniudhi mimi ni kingine. Jibu jepesi la 2009 bado linamwingizia mtu pointi akiwa usingizini, na zikifika 3,000 anapiga kura ya kufunga swali la mgeni aliyejiunga jana, hata kama yeye hajajibu kitu miaka kumi. Hapo ndipo pa kukata.