Karata nzuri huwaponza wasiojua kuzilinda

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi walimu aghalabu huitumia methali hii kuwakemea wanafunzi wanaoahirisha kazi zao hadi mkesha wa mtihani. Leo nakusudia kuielekeza mahali ambapo pengine msomaji hakutarajia: kwenye meza ya karata, na hasa ule mchezo wa poka ambao baadhi ya vijana wetu huucheza kwa simu usiku wa manane, kwa madau ya senti chache.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alinijia ofisini akiwa ameinamisha kichwa. Fedha alizotumiwa na wazazi wake kwa ajili ya karo zilikuwa zimeyeyuka kidogo kidogo katika mchezo huo. Nilitazamia kusikia kwamba alikuwa akipata karata mbovu. Haikuwa hivyo. "Mwalimu," aliniambia, "nilikuwa na ree mbili. Nilikuwa nimeshashinda, wakaninyang'anya."

Mimi ni mtu wa isimu, na kazi yangu ni kusikiliza jinsi watu wanavyosema. Kitenzi hicho, kunyang'anywa, kilinikaa moyoni. Mtu hanyang'anywi ila kilicho chake. Kijana huyu aliamini kuwa ushindi ulikuwa mali yake tangu alipogawiwa karata mbili za kwanza, ilhali alichokuwa nacho ni kuongoza tu, na anayeongoza aweza kupitwa. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi: ningali mbele. Asemaye "ningali" amekwisha kukiri kwamba hali yake yaweza kukoma.

Hebu tuutazame mchezo wenyewe. Katika poka ya aina ya Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila mmoja huunda mkono ulio bora wa karata tano kutokana na hizo saba. Kabla ya karata kufunuliwa, na baada ya kila ufunuo, wachezaji huweka dau, hufuata dau la mwenzao, huliongeza, au hutupa karata zao.

Ree mbili ni mwanzo ulio bora kupita yote, na kwa wastani hupatikana mara 1 katika migawo 221. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote zile, hushinda takriban mara 85 katika 100. Lakini waachie wapinzani watano waingie kwa bei rahisi na kubaki hadi karata ya mwisho, nawe utashinda karibu nusu tu ya mara hizo. Wakiwa tisa, utashinda mara 31 hivi katika 100. Karata zako ni zile zile. Kilichobadilika ni idadi ya watu uliowafungulia mlango.

Hapa ndipo ufa unapopaswa kuzibwa. Tuseme umebaki na mpinzani mmoja, fungu la katikati lina shilingi 100, na karata tatu za kwanza zimeleta kopa mbili. Mpinzani ana kopa mbili mkononi, na akipata ya tano atakupita. Kwa macho yake, kopa 9 zimesalia katika karata 47 asizoziona, yaani nafasi yake katika karata inayofuata ni asilimia 19. Ukiweka dau la shilingi 10 kwa kuogopa kumfukuza, atalipa 10 kushindania 110. Bei hiyo yahitaji nafasi ya asilimia 8 tu, umempa zawadi. Ukiweka 60, atalipa 60 kushindania 160, bei inayohitaji nafasi ya asilimia 27, ambayo hana. Akifuata dau hilo amekosea, hata kama usiku huo kopa itafunuliwa.

Mwanafunzi wangu alifanya kinyume. Alijifanya dhaifu ili wengine wavutiwe, akawaonyesha karata zilizofuata bila malipo. Hila hiyo haina maana katika meza za madau madogo. Wachezaji wa huko hufuata dau kwa karata zozote, maadamu ni senti tu na wanataka kuona mwisho wake. Mtu ambaye atalipa hata hivyo hana haja ya kubembelezwa. Mtoze mapema, ungali mbele.

Hata hivyo, kutoza ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili ni kuachilia, nayo ndiyo iliyomfilisi kijana yule. Kopa ya tatu inapofunuliwa mezani, na mchezaji ambaye usiku kucha amekuwa akifuata kimya kimya anaongeza dau kubwa ghafla, mara nyingi sana anasema kweli. Ukiendelea kumlipa kwa sababu tu ulianza na ree mbili, basi unamrudishia faida yote uliyomnyima awali, na ile bei mbaya aliyolipa inageuka kuwa nzuri. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwenye karata mbovu huzitupa bila machozi na hupoteza kidogo. Ni mwenye karata nzuri anayepoteza kila kitu.

Yamkini msomaji atauliza iwapo nawafundisha watoto wa watu kamari. La hasha. Nataka waione hesabu yote, pamoja na sehemu ambayo matangazo huificha. Mwenye meza hukata ada katika mafungu yanayochezewa, kwa kawaida karibu asilimia 5, awe nani aliyeshinda. Katika meza ambako madau ya kuanzia ni senti 1 na senti 2 za dola, kipande hicho huonekana kidogo, lakini bandu bandu huisha gogo. Wachezaji wawili wenye ustadi sawa wakikesha pamoja, kwa wastani wote wawili watakuwa wamepungukiwa. Vijana hupenda kumtaja Chris Moneymaker, yule Mmarekani aliyefuzu kupitia shindano dogo la intaneti na mwaka 2003 akatwaa dola milioni 2.5 kule Las Vegas. Ni kweli alishinda. Ni kweli pia kwamba washiriki walikuwa 839, na 838 hawakuwa yeye.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Hesabu ya uwezekano imo katika mtaala wa shule za upili, nasi huifundisha kwa sarafu na mipira iliyomo mfukoni, kisha tunashangaa wanafunzi wakiisahau. Tuwape mfano wa kopa 9 katika karata 47, tuwaulize bei ya haki ni ipi, na tuwaonyeshe ada inayokatwa kimya kimya. Kijana aliyeikokotoa hasara kwa kalamu yake mwenyewe hahitaji mahubiri marefu.

Kwa wanafunzi nasema hivi: karo si dau. Anayecheza kwa fedha asizoweza kuzipoteza hawezi kutupa ree mbili hata anapojua zimeshindwa, kwa kuwa mezani hazipo karata tu, upo pia muhula wake. Woga huo peke yake watosha kumshindisha mpinzani.

Kijana yule hakufanya mitihani ya muhula huo. Anatarajia kuifanya mwaka ujao. Alipokuja kuniaga nilimwuliza tena kuhusu zile ree mbili. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa mbele, Mwalimu. Nikapitwa." Nilimwambia kwamba hatimaye amepata kitenzi sahihi, ingawa kimemgharimu mwaka mzima.