Ushindi Uliomwondoa Rais

Tarehe 12 Machi 1968 wananchi wa New Hampshire, jimbo dogo la Marekani, walipiga kura za mchujo kuhusu nani apeperushe bendera ya chama cha Democrat katika uchaguzi wa urais. Rais Lyndon Johnson alipata takriban asilimia 49. Seneta Eugene McCarthy, aliyepinga vita vya Vietnam, alipata asilimia 42. Kwa hesabu, Rais alishinda. Siku 19 baadaye alitangaza kwamba hatagombea tena.

Hakuna askari aliyemng'oa. Jina lake halikuwa hata limechapishwa kwenye karatasi ya kura. Wafuasi wake waliliandika kwa mkono. Waliomtikisa walikuwa wanafunzi waliokata nywele na kunyoa ndevu wasije wakawaudhi wazee wa vijijini, kisha wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. McCarthy akatwaa wajumbe 20 kati ya 24.

Sisi nasi tuna asilimia yetu tusiyoisahau: 70. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, wapiga kura walisimama mlolongo mchana kweupe, na aliyefikisha asilimia 70 alihesabiwa kuwa mbunge bila kupingwa na bila kura ya siri. Asilimia 30 zilizobaki hazikuwa na pa kusemea. Foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu, na viongozi wa makanisa walipokemea dhuluma hiyo waliambiwa wasiingilie siasa. Utaratibu huo uliachwa Desemba 1990. Kule New Hampshire aliyeshindwa alihesabiwa hadharani, na hesabu hiyo ndiyo iliyomtisha mshindi.

Wala tusiwatukuze Wamarekani kupita kiasi. Agosti 1968, mjini Chicago, chama kilimteua Hubert Humphrey, ambaye hakushiriki mchujo wa jimbo hata moja! Wakubwa wa chama walikuwa na wajumbe wao mfukoni. Humphrey alishindwa na Richard Nixon mwezi Novemba, na baada ya fedheha hiyo ndipo kanuni za uteuzi zilipobadilishwa.

Vyama vyetu vingi, hata vile vilivyozaliwa na harakati za mageuzi, vimeiga Chicago na kuisahau New Hampshire. Tiketi za moja kwa moja hutolewa mezani, na mwanachama husikia matokeo redioni. Basi kabla ya mchujo ujao, tukiulize kila chama: sajili ya wanachama iko wapi, nani atahesabu kura, na je, matokeo ya kila kituo yatabandikwa mlangoni jioni ile ile?