Moto Usio na Mafiga

Katika usharika wetu kipindi cha kujifunza Biblia ni Jumatano jioni, na wanaohudhuria hawajazi mabenchi mawili. Ijumaa usiku, kwenye mkesha, watu hukaa mpaka nje, juu ya mikeka. Niliwahi kuuliza kwenye kikao cha wazee wa kanisa kwa nini tofauti iwe kubwa namna hiyo. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, Mungu haangalii kichwa, anaangalia moyo. Mwenye bidii atafika tu." Wenzake wakaitikia amina.

Jibu hilo nimelisikia kwa Walutheri, kwa Wapentekoste, na kwa ndugu zetu Wakatoliki wa karismatiki. Limekuwa kama kipengele cha imani ambacho hakuna aliyekiandika wala anayekihoji: omba kwa nguvu, funga kwa muda mrefu, toa mpaka uumie, nayo mengine Mungu atayapanga. Mimi nalipinga. Mikesha siichukii, nimelelewa ndani yake na bado naiendea. Nalipinga kwa sababu lilinigharimu, na kwa sababu linakwenda kinyume na Kitabu kilekile tunachokikumbatia kifuani tunapolisema.

Mtu aliyeijua bidii kuliko wengi wetu ni Paulo. Katika Warumi sura ya 10 anawasemea Waisraeli wenzake kwa uchungu: juhudi yao kwa Mungu haina shaka, ila haikushikana na maarifa. Hakuwa akiwatazama kwa mbali. Katika Wafilipi 3 anapotaja sifa zake za zamani anaiweka juhudi miongoni mwao, na ushahidi anaoutoa ni kwamba alilitesa kanisa. Alipoianza safari ya Dameski hakuwa mnafiki, wala hakuwa vuguvugu. Moyo wake wote ulikuwa katika kazi ile, na aliamini kwamba anamtumikia Mungu. Kama bidii ingetosha, Sauli, kama alivyoitwa wakati ule, asingehitaji kuangushwa chini.

Mstari huo wa pili wa Warumi 10 hunukuliwa mara nyingi. Wa tatu hurukwa, na ndio wenye uzito. Paulo anaeleza ni kitu gani hasa hawakukijua. Torati waliijua, wengine waliighani kwa moyo. Hawakujua kwamba haki mtu hupewa na Mungu, na kwa kutolijua hilo wakajishughulisha kujitengenezea haki ya kwao. Hapo ndipo penye kidonda. Kelele za bidii isiyo na ufahamu si hoja, maana Mungu si kiziwi na wala hakerwi na sauti. Hoja ni kwamba bidii ya namna hiyo hukalia kiti cha Kristo polepole, na mwenye nayo asijue.

Nilikuwa kidato cha tatu mama alipougua. Hospitali ikasema ni saratani ya shingo ya kizazi, na imekwisha kusambaa. Kundi la maombi nililokuwamo likanipangia mfungo: siku saba bila chakula, maji jioni tu, na atapona. Siku ya tano nilianguka darasani. Mwalimu wa zamu akaninywesha uji kwa lazima. Baada ya wiki tatu mama alifariki. Kwenye matanga kiongozi wa kundi alinivuta pembeni, chini ya mwembe, akaniambia bila ukali wowote kwamba lau mfungo ungetimia mambo yangekuwa mengine. Nilibeba kikombe kile cha uji kwa miaka kumi na mmoja.

Kiongozi yule alinipenda. Alisema alichofundishwa, na aliyemfundisha naye alikuwa na moyo safi. Lakini tazama hesabu iliyomo katika maneno yake. Siku saba zingemponya mama, tano hazikutosha. Mungu wa hesabu hiyo ni mwenye duka aliyekaa nyuma ya kaunta akihesabu sarafu za mtoto mwenye njaa, kisha anamrudisha nyumbani mikono mitupu kwa sababu zimepungua mbili. Msalaba uko wapi humo? Jumapili tunahubiri kwamba tumeokolewa kwa neema, na Waefeso 2 tunaisoma kwa sauti. Ijumaa tunarudi kulipa.

Na malipo yana sura nyingi siku hizi. Kuna mbegu ya kupanda ili nyumba ifunguke, kuna chumvi, kuna maji, kuna mafuta ya upako. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyokuwa yamemwagwa wakati wa ibada uwanjani. Sina neno la kuwalaumu marehemu wale. Walikuwa wanamkimbilia Mungu. Kinachonitoa machozi ni kwamba hakukuwa na haja ya kukimbia. Anayefundishwa kwamba Kristo yuko karibu naye pale alipo hana sababu ya kumkanyaga jirani ili amfikie.

Wapo watakaosema hayo ni ya watu wasiosoma. Hiyo nayo ni dhana inayohitaji kukataliwa, maana inawafanya wasomi walale usingizi. Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na kazi ilipoendelea idadi ya miili ikavuka 400, wakiwamo watoto wengi. Wengi wao walikuwa wamefunga chakula hadi kufa ili wakamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani akakana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Mimi nawatazama wafuasi. Magazeti ya Kenya yaliandika kwamba miongoni mwao walikuwamo watu waliosoma, walioacha kazi za mshahara na kwenda msituni. Shahada haikuwakinga. Mtu anaweza kuhitimu uhasibu huku ufahamu wake wa Injili ukiwa uleule alioupata shule ya Jumapili akiwa na miaka minane.

Ndani ya kaunti hiyohiyo ya Kilifi ipo Rabai, ambako wamisionari Krapf na Rebmann waliweka kituo chao mwaka 1846. Krapf alikuwa ameanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili tangu alipofika Mombasa mwaka 1844. Kazi ile iliendelezwa na vizazi vya watafsiri, hata tukaipata Biblia nzima ya Union mwaka 1952. Leo inapatikana ndani ya simu. Tulikosa nini, basi? Aya hatukukosa. Msitu wa Shakahola haukuwa na upungufu wa aya, na aya peke yake si ufahamu. Katika Mathayo 4, aliyemwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu alinukuu Zaburi. Yesu alimjibu kwa Neno lingine, kwa kuwa alijua Zaburi ile inasema nini na haisemi nini. Na angalia jambo dogo ambalo wahubiri wa mifungo ya kufisha hulipita: siku arobaini za Yesu jangwani zilikuwa na mwisho. Aliona njaa, na malaika wakaja wakamhudumia.

Biblia yenyewe haikuficha kisa cha mtu aliyeponzwa na bidii. Yeftha, katika Waamuzi 11, aliapa kwamba akirudi na ushindi atamtolea Bwana chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki. Aliyetoka ni binti yake wa pekee, akicheza na matari. Wafasiri hawakubaliani kama binti alichinjwa au alitengwa maisha yake yote bila kuolewa. Kwa vyovyote baba alirarua nguo zake akasema hawezi kurudi nyuma. Torati ilikuwa imekataza kabisa kuwatoa watoto sadaka, na Mambo ya Walawi 27 imeweka utaratibu wa kumkomboa kwa fedha mtu aliyewekwa nadhiri. Mlango ulikuwepo. Yeftha hakuujua, au hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Aliishika nadhiri yake kwa uaminifu mkubwa, na uaminifu huo ndio uliomwangamiza mtoto.

Mzee wangu wa kanisa ana hoja zake, na hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni ile ya 2 Wakorintho 3, mahali Paulo anapoweka andiko upande wa mauti na Roho upande wa uzima. Hutumiwa kama fimbo ya kumchapia yeyote anayefungua kitabu cha mafafanuzi. Lakini sura hiyo inazungumzia sheria iliyochongwa kwenye mawe, sheria inayomhukumu mtu bila kumpa nguvu ya kuitii. Haizungumzii kusoma. Ingekuwa hivyo, Paulo asingewaandikia Wakorintho barua ile, tena ndefu.

Ya pili ni kwamba Petro na Yohana walikuwa wavuvi. Kweli, na Matendo 4 inasema baraza la Wayahudi lilishangaa. Lakini baraza lilipotafuta sababu ya ujasiri wao, liligundua kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Takribani miaka mitatu walitembea na Mwalimu, wakiuliza, wakikosea, wakikemewa, wakifafanuliwa mifano faraghani baada ya umati kuondoka. Ni chuo gani cha theolojia kinachotoa malezi kama hayo?

Iliyo nzito ni ya tatu: mnyang'anyi msalabani hakuhudhuria somo hata moja, na aliahidiwa peponi siku ileile. Hoja hii naipenda, kwa kuwa inatusaidia kuona ni ufahamu gani tunaouzungumzia. Msikilize mtu yule katika Luka 23. Anajua kwamba yeye na mwenzake wanastahili adhabu. Anajua kwamba aliye katikati yao hana kosa. Anajua kwamba mtu huyu anayekufa ana ufalme. Kisha anaomba akumbukwe, na hana cha kutoa: mikono imefungwa, miguu imefungwa, hawezi kufunga, hawezi kukesha, hana sadaka. Alijua machache, na yote yalikuwa mahali pake. Ndiyo maana kwangu yeye si shahidi wa bidii. Ni shahidi wa maarifa yaleyale ya Warumi 10:3 waliyoyakosa watu wengi wenye juhudi.

Nakiri pia kwamba elimu ya dini inaweza kumvimbisha mtu. Paulo mwenyewe anaonya hivyo katika 1 Wakorintho 8. Nimekaa na watu wenye vyeti vya theolojia ambao maombi yao ni ya dakika moja na huruma yao ni fupi zaidi. Ubaridi huo siutetei. Ninachokataa ni kuambiwa nichague, kana kwamba moto na ufahamu ni wake wenza wasioelewana. Moto unaopika ni ule uliokaa katikati ya mafiga. Wale wawili wa njia ya Emau, katika Luka 24, walikumbuka baadaye kwamba mioyo yao iliwaka. Na iliwaka wakati gani? Alipokuwa akiwafunulia Maandiko njiani, mwendo wa saa kadhaa.

Hata uamsho wetu wenyewe wa Afrika Mashariki ulianza hivyo. Mwaka 1929, Simeon Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wote wawili wakiwa na kiu. Walikaa chini na Biblia zao wakafuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, wakasoma na kuomba. Kutoka kwa watu kama hao ukawaka moto uliofika Uganda yote, Kenya, Bukoba na kwingineko. Neno "walokole" tunalolitumia, wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, limetokana na Kiganda, balokole, yaani waliookolewa. Linasema wameokolewa, halisemi wamejitahidi.

Kwa hiyo siwaombi watu wa mkesha wapunguze sauti. Ninaomba tuwatendee alivyotendewa Apolo. Matendo 18 inamweleza kuwa msemaji hodari, mwenye roho inayochemka, ila alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, walimsikiliza sinagogi zima likiwapo na hawakumpigia kelele. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Aliondoka akiwa na moto uleule, na akawafaa sana waamini wa Akaya.

Prisila wangu mimi aliuza vitumbua. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu, na asubuhi moja, sijui kwa nini siku ile, nilimsimulia habari za uji. Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na Biblia yenye jalada la kitambaa. Akanisomesha Warumi 10 polepole, mstari kwa mstari, na tulipofika wa tatu akaweka kidole hapo. "Mwanangu," akasema, "nani alikuambia Mungu alikuwa anahesabu siku?" Nililia mpaka chai ikapoa, naye aliendelea kukaanga, akigeuza vitumbua bila kunihimiza. Kipindi cha Jumatano ni yeye aliyekianzisha. Macho yamefifia sasa, husomewa, lakini bado huja na mto wake mdogo wa kukalia, na nafasi yake ni benchi la mbele.