Hoja Nne Kuhusu Kakamega, na Pale Zinapoangukia

Wasomaji, mmeshasikia jinsi Kakamega inavyotambulishwa kwa wageni. Nimezipima hoja hizo moja moja. Hukumu ni yenu.

Ya kwanza: Kakamega ni mji wa mpakani. Kisingizio kipo: ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, na mkoa huo ulipakana na Uganda. Ila malori yanayosubiri kuvuka hupanga foleni Busia na Malaba. Atakayeshuka Kakamega na pasipoti mkononi hatapata wa kumgongea muhuri. Na utawala wa mikoa wenyewe ulizipisha kaunti mwaka 2013.

Ya pili: mji hauna historia. Ajabu ni kwamba wasemaji haohao huwaonya wageni wasitumbukie katika mashimo ya zamani ya dhahabu. Yalichimbwa na nani, fuko? Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, Wazungu walimiminika. Sheria ya 1930 iliyoahidi kulinda ardhi ya Waafrika ilirekebishwa mwaka 1932 ili kuwapisha wachimbaji. Ahadi haikumaliza hata miaka mitatu. Kama hiyo si historia, historia ni nini?

Ya tatu: mapigano ya fahali ya Khayega na Shinyalu ni ukatili uleule wa Hispania. Kule mtu huingia na upanga, na mwisho wa fahali unajulikana kabla hajatoka zizini. Huku fahali hupambana na fahali mwenzake, ngoma za isukuti zikirindima; pembe hufungana, kwato huchimba ardhi, na atakayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa. Pembe hujeruhi, sikatai. Anayetaka kuupinga mchezo huu aulete ushahidi wa Khayega, asiazime wa Hispania.

Ya nne: nusu siku inatosha kuiona Kakamega. Mshauri huyohuyo humtaka mgeni aone jua likichomoza juu ya msitu wa Kakamega kutoka kilima cha Lirhanda. Alfajiri hiyo ataipataje bila kulala? Na msitu wenyewe ndio kipande pekee kilichobaki Kenya cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo: upande wa Buyangu uko kaskazini, wa Isecheno kusini, na mmoja hauonekani ukiwa kwa mwingine.

Wa nusu siku atakimbilia Kisumu na kulipita Jiwe Linalolia pale Ilesi. Akiulizwa kama lilikuwa likitiririka machozi, atajibu kwamba alikuwa kwenye matatu.