Mlango wa gari unaofungwa kwa kamba si mlango

Kwenye barabara ya Goma kwenda Sake, watu wengi wanasafiri ndani ya magari ya zamani: Hiace zilizochoka na Land Cruiser ambazo zimeona miaka mingi kuliko madereva wake. Ndani mnakaa akina mama na watoto. Juu kunafungwa magodoro, sufuria na magunia ya makala. Mara nyingi mlango haufungi sawasawa. Konvoyeri anaubamiza mara tatu, anaupiga teke, na mwisho anaukaza kwa kamba. Wakaaji wamezoea, na wengine wanacheka. Lakini jambo hili halifai kuzoewa.

Mlango wa gari haushuki bila sababu. Unashikwa upande mmoja tu, na bawaba mbili, zile ambazo mafundi wengine wanaita sharnieri. Ndani ya kila bawaba mna msumari wa chuma unaozunguka. Vumbi na mawe ya volkano vinatikisa gari kila siku, grisi inakauka, msumari unalika. Tena, kila mara mtu anapojitundika kwenye mlango ulio wazi, uzito wake wote unavuta bawaba. Mlango unaanza kulala upande wa nyuma, na kitasa hakikutani tena na chuma cha nguzo kinachopaswa kukinasa.

Hapo ndipo kosa kubwa linaanza. Mwenye gari anamwambia fundi: "Kitasa kimekufa." Fundi anapiga nyundo, anasogeza chuma cha nguzo chini kidogo, na mlango unafunga. Baada ya majuma machache umeshuka tena. Kitasa hakikuwa mgonjwa. Kilichotibiwa ni dalili, ugonjwa umebaki kwenye bawaba.

Kupima ni rahisi na hakuna malipo. Gari liwekwe mahali tambarare, bila mzigo. Mlango ufunguliwe kidogo, kisha mtu aushike kwenye ncha na kuunyanyua. Ukicheza juu na chini huku nguzo imetulia, bawaba zimelika au buloni zimelegea. Nguzo ikitikisika pamoja na mlango, kutu imekula tole au chuma kimepasuka. Hapo bawaba mpya haisaidii kitu, maana itafungwa kwenye chuma kibovu. Na masitiki yenye rangi nzuri juu ya kutu ni uongo unaong'aa.

Kazi nzuri ina utaratibu wake. Kwanza chuma cha nguzo kinaondolewa ili kisiuvute mlango. Mlango unaegemezwa kwenye kriki na kipande cha mbao, bawaba zinatengenezwa, kisha mlango unasogezwa mpaka nafasi kati yake na bodi inakuwa sawa juu, chini na nyuma. Ndipo buloni zinakazwa. Chuma cha nguzo kinarudishwa baadaye, na kaushu ya kuzuia vumbi inafuata. Rangi ni ya mwisho. Anayeanza na rangi anapamba, hatengenezi.

Mlango wa kusukuma wa Hiace una namna yake. Unatembea juu ya magurudumu madogo kwenye reli tatu: ya juu, ya katikati na ya chini. Magurudumu yakiisha, mlango unainama na kuruka reli. Kuusukuma kwa nguvu kunaharibu reli pia, na hasara inakuwa mbili.

Wenye magari wanasema barabara ni mbaya, vipuri ni ghali na faida ni kidogo. Ni kweli, na hakuna anayesafiri Kivu asiyejua hayo. Lakini msumari wa bawaba ni kitu kidogo, na fundi mwenye mashine ya kukereza chuma anaweza kuutengeneza hapa hapa mjini. Grisi haiwezi kushindwa na mtu mwenye pesa ya kuandika jina la gari kwa rangi tatu. Kinachokosekana mara nyingi si pesa, ni kuona kwamba mlango ni sehemu ya usalama kama breki.

Wanaolipa deni la uzembe huo si wenye magari. Ni familia zilizokimbia vita Rutshuru na Masisi, ambazo hazina nafasi ya kuchagua gari. Mama mwenye mtoto mgongoni anakaa pale palipobaki, na mara nyingi panabaki karibu na mlango. Kwenye kona mlango mbovu unaweza kufunguka. Na gari likipinduka au likiwaka moto, kamba ile ile inawafungia watu ndani.

Kwa hiyo mashirika ya madereva yangefanya vema kukagua milango kwenye parkingi kabla gari halijapakia. Abiria naye ana sauti. Vitasa vya magari mengi vinanasa mara mbili: mlio wa kwanza haujafunga, wa pili ndio umefunga. Asiyesikia mlio wa pili ana haki ya kumwambia dereva asiondoke. Na mtoto asikalishwe kwenye mlango, hata kama safari ni fupi.